Mwenge, keki na kadi ya mchango: sherehe zisizo za dini zinatufanyia nini?

Nilikuwa darasa la tano Mwenge wa Uhuru ulipopita kijijini kwetu. Walimu walitutoa madarasani saa mbili asubuhi tukajipanga kandokando ya barabara ya vumbi, iliyochongwa wiki ile ile na greda ambalo hatukuwa tumeliona tangu Mwenge uliotangulia. Tuliambiwa utafika saa nne. Ulifika saa tisa. Tuliimba mpaka sauti zikakauka, watoto wawili wakaanguka kwa jua, na mwalimu wa zamu akapita mara tatu kukagua nani kaja bila soksi. Kisha vumbi likaonekana kwa mbali, magari yakaja yamefuatana, na kijana mmoja wa sare akateremka mbio akiwa ameuinua juu. Hotuba siikumbuki hata neno moja. Ninachokumbuka ni kwamba nilipiga kelele mpaka machozi yakanitoka, na kwamba mzee jirani yetu, ambaye pale kijijini hakuwa akiongea vizuri na mtu, alinishika bega akaniuliza: "Umeuona? Umeuona?"

Nilikuwa nimeuona. Ni chombo cha chuma chenye moto. Nyumbani moto tulikuwa nao.

Swali la kwa nini tulilia ndilo ninalotaka kulifungua hapa, pamoja na jingine linalokuja nyuma yake: je, kulia kule kulikuwa na faida gani, na kulikuwa na hatari gani?

Kwanza tuelewane maneno. Kiswahili kina ibada, kina tambiko, kina mila na desturi, lakini hakina neno moja lililonyooka kwa jambo linalofanywa kwa utaratibu maalumu, kwa mavazi maalumu na siku maalumu, bila kuwa la dini. Watu wa mjini wana neno lao: shughuli. "Kesho nina shughuli" inaweza kuwa harusi, mahafali ya chekechea, siku ya kuzaliwa au kuvunja kamati. Hata msemo upo: shughuli watu. Maana yake pilau, ukumbi na muziki ni nyongeza tu, kilichowaleta ni kuonana.

Mstari kati ya dini na dunia kwetu haujanyooka, tusijidanganye. Gwaride la Uhuru hufunguliwa kwa dua ya shehe na sala ya askofu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Zanzibar, ambako wanaume hucharazana kwa magogo ya migomba na banda la makuti huchomwa moto, una mambo ya mizimu ndani yake, una ngoma, na siku hizi una watalii. Kwa hiyo nikisema sherehe isiyo ya dini simaanishi ambayo Mungu hatajwi. Namaanisha ile ambayo ukiuliza "kwa nini tunaifanya?" hakuna anayekujibu "kwa sababu Mungu ameagiza".

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayobeba faida na hatari zote.

Tuanze na faida, kwa Mwenge wenyewe. Oktoba 1959, miaka miwili kabla ya uhuru, Julius Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Wakati ule ilikuwa lugha ya picha. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni kweli. Mwaka 1964 mbio zikaanza, na mpaka leo Mwenge huzunguka mikoa yote kila mwaka.

Hebu fikiria tatizo lililokuwepo. Una nchi yenye makabila zaidi ya 120, wengi hawajawahi kuona mkoa wa jirani, redio ni chache na umeme hakuna. Utamwambiaje mkulima wa Nkasi kwamba yeye na mvuvi wa Mafia ni watu wamoja? Unaweza kumwandikia katiba. Au unaweza kuupeleka moto ule ule mlangoni kwake, akijua kwamba juzi ulikuwa kwa mwingine na kesho utakuwa kwa mwingine tena. Mwanasosholojia wa Kifaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kwamba watu wakikusanyika na kufanya jambo moja kwa pamoja huzuka joto ambalo mmoja peke yake hawezi kulizalisha, nao hulihusisha joto hilo na kitu walichokizunguka, wakati limetoka kwao wenyewe. Yule mzee jirani hakunishika bega kwa sababu ya chuma. Alinishika kwa sababu siku ile, kwa dakika chache, kijiji kizima kilikuwa kinatazama upande mmoja.

Faida ya pili haina mashairi. Mwenge hukagua miradi. Kiongozi wa mbio hufika kwenye zahanati, kisima au darasa, anadai nyaraka, anagonga ukuta, na mara nyingine hukataa kuzindua mbele ya watu wote. Mkurugenzi wa halmashauri anayeweza kupuuza barua kumi hawezi kupuuza aibu ile. Bila shaka barabara huchongwa wiki moja kabla na rangi hupakwa usiku, hilo kila mtu analijua. Lakini barabara ikishachongwa, imechongwa.

Sasa tugeuke upande wa pili. Sherehe ya namna hii inaulizika. Inaulizwa gharama yake, inaulizwa nani aliamua, inaulizwa faida yake. Wabunge wa upinzani wamewahi kusimama na kusema Mwenge upelekwe makumbusho, na hoja yao ilijibiwa kwa hoja. Hakuna mbunge anayeweza kusimama na kutaka Idi ipelekwe makumbusho.

Novemba 2015, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliamua kusiwe na gwaride la 9 Desemba. Kipindupindu kilikuwa kimeenea, akasema watu washike mafagio, na siku ilipofika yeye mwenyewe akatoka Ikulu akaokota takataka. Shilingi bilioni 4 za sherehe zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. (Ndiyo, Mwenge. Barabara iliyotokana na kufutwa kwa gwaride inaishia mahali penye jina la sherehe nyingine.) Watu wengi walishangilia. Mimi pia nilishangilia. Baadaye tu nilijiuliza: kama siku kubwa kuliko zote za taifa inaweza kufutwa kwa tamko moja na tukapiga makofi, je, ilikuwa imetushika kwa kiasi gani?

Wakenya wameonja jambo hilo hilo kwa mahakama. Siku ya Moi, 10 Oktoba, iliwekwa Moi mwenyewe akiwa madarakani. Katiba ya 2010 ilipoorodhesha siku za kitaifa, ilitaja Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, basi. Kenyatta Day ya 20 Oktoba ikageuzwa Mashujaa, kwa sababu waliopigania uhuru hawakuwa mtu mmoja. Siku ya Moi ikaachwa kimyakimya mpaka 2017, Mahakama Kuu iliposema sheria ya sikukuu haikuwa imebadilishwa, kwa hiyo siku ingalipo. Tangu hapo imekuwa Huduma Day, kisha Utamaduni Day, na mwaka 2024 ikawa Mazingira Day. Watu hupumzika, huo ndio ukweli. Lakini sikukuu inayobadilishwa jina mara kwa mara bila mtu kuililia ni siku ya kulala tu.

Kuna utafiti mmoja ninaourejea mara nyingi. Mwaka 2003 wanaanthropolojia Richard Sosis na Eric Bressler walichunguza jumuiya 83 za karne ya 19 huko Marekani, zile ambazo watu waliacha dunia wakaenda kuishi pamoja na kugawana mali. Nyingine zilikuwa za dini, nyingine za itikadi tupu, hasa za kijamaa. Zote ziliwawekea wanachama masharti: usile hiki, usivae kile, toa mali yako yote. Katika jumuiya za dini, masharti yalipozidi kuwa magumu ndivyo jumuiya ilivyodumu zaidi. Katika zile zisizo za dini, ugumu wa masharti haukusaidia kitu.

Maelezo yao yanaeleweka hata bila chuo kikuu. Ukinifungisha mwezi mzima kwa jina la Mungu, siwezi kupima kama mfungo "unalipa", maana malipo yake hayapo kwenye mizani yangu. Ukinifungisha kwa jina la kamati, siku ya tatu nitaitaka kamati ionyeshe mahesabu.

Mwenye sherehe isiyo ya dini ana njia mbili za kulikabili swali hilo. Ya kwanza ni kulipokea: kupunguza gharama, kubadili ratiba, kuruhusu asiyetaka abaki nyumbani. Ya pili ni kulizima. Na hapa ndipo hatari kubwa inapokaa, kwa sababu sherehe inayoogopa maswali huanza kujifanya dini bila kuwa na kile kinachoishikilia dini.

Wafaransa walijaribu mapema kuliko wengi. Novemba 1793 waligeuza Notre-Dame ya Paris kuwa hekalu la Akili. Wakaja na kalenda mpya yenye juma la siku kumi, maana yake mfanyakazi aliyekuwa akipumzika siku moja kati ya saba sasa alipumzika moja kati ya kumi. Tarehe 8 Juni 1794 Robespierre, kiongozi wa mapinduzi yao, akaongoza sikukuu kubwa ya Aliye Mkuu, na mlima wa kutengenezwa uwanjani. Wiki saba baadaye alikatwa kichwa. Kalenda ilijikokota mpaka Napoleon alipoifuta, 1 Januari 1806. Sidhani kama ilikufa kwa kukosa uzuri. Majina yake ya miezi, ya ukungu, ya maua, ya mavuno, yalikuwa mazuri mno. Ilikufa kwa sababu iliwanyang'anya watu Jumapili yao na ikawa vigumu mtu kuinung'unikia hadharani.

Ujerumani Mashariki ilifanya kwa ustadi zaidi. Jugendweihe, sherehe ya kijana wa miaka kama 14 kuingia utu uzima, ilikuwepo tangu karne ya 19 miongoni mwa watu wasiotaka kipaimara cha kanisani. Mwaka 1954 chama tawala kiliichukua, kikaongeza kiapo cha utii kwa dola ya kijamaa, na kijana aliyekataa alijikuta milango ya sekondari ya juu na ya chuo kikuu inamfungia. Karibu wote wakaapa. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mtu angetarajia sherehe ile ianguke nao. Haikuanguka. Kiapo kiliondoka, suti mpya na chakula cha mchana cha familia vikabaki, na mpaka leo maelfu ya vijana huifanya kila majira ya kuchipua. Familia zilikuwa zikiipenda sehemu yao wakati wote huo. Serikali ndiyo iliyodhani wanaipenda sehemu yake.

Kwetu swali la kulazimisha lilifika Mahakama ya Rufani. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova walifukuzwa au kuadhibiwa kwa kukataa kuimba Wimbo wa Taifa, kwa kuwa kwao kuimba kule ni ibada. Mahakama Kuu iliwakatalia. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi. Kuna waliokasirika, wakasema uzalendo umeuawa. Mimi naona kinyume. Ukisikia watu 40 wanaimba na mmoja amenyamaza bila kupigwa, ndipo unapojua wale 40 wanaimba kweli.

Mfano mzito kuliko yote uko jirani. Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, nchi husimama kwa ajili ya umuganda. Watu wa miaka 18 hadi 65 hutoka na majembe na mapanga, huzibua mifereji, hupanda miti, hujengea wasiojiweza nyumba, kisha hukaa kikao cha kitongoji. Anayeukwepa bila sababu anaweza kutozwa faini. Anayebisha faida yake akatembee Kigali, na faida isiyoonekana kwa macho ni kwamba bosi wa benki anamjua kwa jina muuza mkaa wa mtaani kwake, kwa sababu walishikana gogo pamoja.

Neno lenyewe ni la zamani, lilikuwa la majirani kusaidiana kujenga au kulima. Miaka ya 1970 serikali ya Rais Habyarimana ililigeuza kuwa kazi ya dola. Na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, waandaaji walitumia lugha ile ile: watu waliitwa "kazini", waliambiwa "kufyeka vichaka". Mazoea ya kutoka na panga asubuhi kwa pamoja, kwa wito wa kiongozi wa eneo, yalikuwa tayari. Sisemi umuganda ulisababisha mauaji, wala umuganda wa leo si ule. Ninachosema ni kwamba joto lile la Durkheim halina dira. Linawaunganisha watu, halafu linangoja kuambiwa liende wapi.

Nisiwaache na giza tupu. Kiswahili kina sherehe yake Marekani, na wengi wetu tunaijua kwa kuicheka tu. Kwanzaa ilibuniwa mwaka 1966 na Maulana Karenga huko California, mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts, Los Angeles. Kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari familia za Wamarekani Weusi huwasha kila siku mshumaa mmoja kwenye kinara, na kila siku ina nguzo yake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Asubuhi unaulizwa "Habari gani?" nawe hutajibu "Nzuri" bali nguzo ya siku hiyo, kama "Umoja!" Husimuliwa kwamba "a" ya pili iliongezwa kwa kuwa palikuwa na watoto saba na kila mmoja alitaka herufi yake. Mababu wa Wamarekani Weusi wengi walitoka magharibi mwa Afrika ambako hakuna aliyesema Kiswahili, na Wamarekani wenyewe wanalijua hilo.

Udhaifu wote wa sherehe iliyobuniwa unaonekana hapo. Mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana. Mbunifu wake anajulikana, na mwaka 1971 mahakama ya California ilimtia hatiani kwa kuwashambulia wanawake wa kikundi chake, jambo alilolikana. Maduka yalishaingia, posta ikatoa stempu mwaka 1997. Karenga alianza kwa kuitaka iwe badala ya Krismasi, kisha akalegeza, na leo mtu anaweza kutoka kanisani tarehe 25 na kuwasha mshumaa tarehe 26. Naona kulegeza kule ndiko kulikoiokoa. Hailazimishwi na yeyote, na nyumba zinazoifanya huifanya kwa sababu bibi anataka wajukuu wataje majina ya waliotangulia kabla ya kula.

Mpaka hapa nimeilaumu serikali, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini kuna sherehe isiyo ya dini ambayo hakuna rais aliyeitangaza, hakuna sheria inayoilinda, na kuiuliza ni kugumu kuliko kuuliza Mwenge. Ni kamati ya harusi.

Ndoa yenyewe hufungwa msikitini, kanisani au bomani, na mara nyingi humalizika ndani ya saa mbili. Kinachobaki ni shughuli: kicheni pati, sendofu, ukumbi, MC, keki ya ghorofa, maharusi kuingia kwa kucheza. Nimekuwa mweka hazina wa kamati tatu, kwa hiyo naongea nikiwa na daftari. Bajeti ya mwisho ilianza milioni 9, tukamaliza na 17. Kila jioni niliweka kwenye grupu la WhatsApp orodha yenye safu tatu, ahadi, ametoa, bado, na kila jina likionekana kwa watu 140. Kadi ya singo bei yake, ya dabo bei yake. Dada mmoja aliniandikia pembeni kwamba amekopa kikoba ili afute deni lake lisionekane.

Ukisema huu ni ujinga mtupu, hujaelewa unavyofanya kazi. Mchango ni benki isiyo na jengo. Niliyemchangia ataniuguza, atanizikia mzazi, atamtafutia mwanangu mahali pa kufanyia mafunzo kazini, na daftari lile ndilo linalokumbuka. Watu wasio na bima wamejitengenezea bima, wakaivika gauni. Ndiyo maana tamko halitaifuta. Lakini bima hii haipunguzi malipo kwa asiye nacho, na aibu hukusanya kwa ukali kuliko mgambo.

Katika kikao cha nne cha kamati ile niliuliza kama hatuwezi kufanyia uwanjani nyumbani kwa bwana harusi, tukaokoa milioni 5 za ukumbi, wakapewa maharusi waanzie maisha. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani akasema, "Mweka hazina, wewe tusomee mapato." Nikawasomea mapato.

Baba wa bwana harusi alinisindikiza mpaka getini. "Mwanangu, ulichosema ni kweli," aliniambia kwa sauti ya chini, akanishika bega. "Ila usirudie. Watu wataniona nina njaa."

Harusi ilifana. Maharusi walipoingia, watu wote wakasimama, taa zikazimwa, simu zikawaka ukumbi mzima, nami nikajikuta napiga kelele na machozi yananitoka.